Cha Kwanza Kiwe Chako: Mazungumzo ya Kufuma Katika Likizo ya Juni

Wewe uliyeshika sindano karibu na redio, endelea kufuma, usiziweke chini kwa ajili yangu, maana leo mazungumzo yetu ni ya kazi hiyohiyo iliyo mikononi mwako.

Naanza na swali. Nyumbani kwako nani anafuma? Pengine ni mama, pengine ni bibi, pengine ni binti aliyefundishwa shuleni na mikono yake haijasahau. Umeshampata? Haya, mtazame sasa hivi. Jioni hii yenye baridi amevaa nini?

Mimi nimelitazama jambo hili kwa muda mrefu, sokoni, kanisani, kwenye vikao vya vikoba, na ninaloliona ni lilelile. Mjukuu ana sweta. Mume ana sweta na mzula. Mtoto wa jirani ana soksi za rangi mbili. Mama mwenyewe aliyevifuma vyote hivyo amejifunga kanga mbili mabegani, na ndani ana blauzi ya mikono mifupi. Ukimuuliza atakuambia, "Yangu nitafuma baadaye." Baadaye hiyo ni lini? Juni inapita, Julai inapita, Agosti jua linarudi, naye anasema mwaka huu basi, tutaona mwakani.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Leo nataka nibishane na wahenga, kwa heshima zote. Ninachokuja kusema jioni hii ni hiki: mfumaji, katika likizo hii, cha kwanza kiwe chako. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio. Wafumie wengine, tena wafumie kwa moyo wote, lakini cha kwanza kiwe chako. Na nina sababu. Sisemi tu kwa kuwa nakuonea huruma, ingawa huruma nayo ninayo.

Kabla ya sababu, niseme kidogo kuhusu baridi yenyewe, kwa sababu tuna wasikilizaji wa pwani wanaodhani tunatia chumvi. Kila unapopanda mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi na nusu. Njombe mjini tuko karibu na mita elfu mbili. Piga hesabu mwenyewe: mtu wa Dar es Salaam akipanda kuja kwetu, ameacha nyuzi kumi na mbili, kumi na tatu za joto njiani. Ukipanda zaidi, ukafika Makete, uwanda wa Kitulo uko mita elfu mbili na mia sita hivi, na asubuhi za Juni na Julai majani huamka meupe kwa sakitu. Hapo bado hujaongeza upepo.

Na baridi hii inakuja wakati gani? Inakuja shule zimefungwa. Watoto wako nyumbani tangu mapema Juni, na wanarudi darasani mapema Julai. Mahindi yanakauka shambani, palizi imekwisha, jioni giza linaingia upesi. Wenzetu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini likizo yao ya baridi ni Desemba, na huko ndiko kufuma zawadi za sikukuu kumekuwa desturi kubwa. Sisi wa nyanda za juu kusini likizo yetu ya baridi ni hii. Muda tunao, mikono tunayo, na sababu inatutetemesha kila asubuhi tunapokwenda bombani. Kwa hiyo tufume.

Sasa sababu. Kwa nini cha kwanza kiwe chako?

Sababu kubwa ni kwamba mwili wako ndio shule yako. Unapomfumia mtu sweta, unampa, anashukuru, anaondoka. Je, atarudi kukuambia kwamba shimo la mkono linambana kwapani anapoinua jembe? Hatarudi. Ataona haya. Atasema nzuri sana, asante sana, Mungu akubariki, kisha ataiweka sandukuni. Nawe hutajua, na sweta inayofuata utaifuma vilevile. Lakini ukiivaa wewe mwenyewe, ukaenda nayo shambani, ukapika nayo, ukabeba nayo mtoto mgongoni, siku ya kwanza tu utajua. Utajua kama shingo inaingiza upepo, kama mikono inaingia kwenye sufuria, kama mgongo unapanda juu unapoinama. Mambo hayo hakuna atakayekuambia isipokuwa mwili wako.

Na kuna jambo la vipimo, ambalo ndilo linalowashinda wengi. Hebu tulifanye pamoja, polepole. Chukua uzi wako na sindano zako, fuma kipande kidogo, kipana kuliko kiganja. Usikivute, kilaze mezani. Chukua futi ya fundi cherehani, pima sentimita kumi, uhesabu vitanzi vilivyomo. Tuseme umepata vitanzi 20. Maana yake kila sentimita moja ina vitanzi viwili. Sasa jipime kifua. Tuseme ni sentimita 90. Ongeza kumi za kupumulia, maana chini ya sweta utavaa nguo nyingine. Jumla sentimita 100, mara vitanzi viwili, ni vitanzi 200. Mbele 100, nyuma 100. Umeelewa? Kipande kidogo kwanza, hesabu, kisha kifua, kisha kuzidisha.

Wengi wanakiruka kile kipande kidogo. Wanasema ni kupoteza uzi. Lakini tuseme mkono wako ni mlegevu, na katika sentimita kumi unapata vitanzi 18 tu, nawe hukupima, ukaanza na vile 100 vya mbele na 100 vya nyuma ulivyoambiwa na jirani. Sweta yako itazidi upana kwa sentimita 11 hivi. Hapo uzi uliopotea ni upi? Kipande cha kiganja, au sweta nzima ya kufumua?

Ndiyo maana nasema kajifunzie kwenye kifua chako, ambacho kipo nawe mchana na usiku, unaweza kukipima hata mara ngapi. Cha kwanza kiwe chako, halafu cha pili, cha mume au cha mtoto au cha mama mkwe, kitatoka vizuri zaidi.

Na neno kuhusu sindano. Najua vijijini wengi tulianza na spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, na sizidharau, zimefuma sweta nyingi. Lakini spoku ni nyembamba, kama milimita mbili tu. Ukifuma uzi mnene kwa spoku, unapata kitambaa kigumu, kinakula uzi mwingi na hakina hewa ndani. Joto la sweta linatokana na hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Kitambaa kilichobanwa mno kinainyima hewa hiyo nafasi. Kwa uzi wa kawaida wa dukani tafuta sindano ya milimita nne. Kama sindano zako ni zile za zamani zenye namba za Kiingereza, milimita nne ni namba 8, na kumbuka kwenye namba hizo kadiri namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Namba 10 ni nyembamba kuliko namba 8. Watu wengi wamenunua sindano kinyume kwa sababu hiyo. Kama huna fedha ya sindano, mwanzi mkavu uliolainishwa vizuri kwa msasa unafaa kabisa.

Tuje kwenye uzi. Hapa nitakaa kidogo, msikilizaji, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Wanasema uzi ni ghali, nitafuma kwa nini? Jibu langu liko sokoni, siku ya mnada, kwenye rundo la mitumba.

Uzi mwingi unaouzwa madukani kwetu ni akriliki, uzi wa kiwandani unaotengenezwa kwa mafuta ya petroli. Una rangi nzuri, unafulika kwa urahisi, bei yake inavumilika. Sufu halisi ya kondoo ni vigumu kuipata, na sababu yake ni kondoo wenyewe: kondoo wetu wa asili wana nywele fupi, hawana sufu ya kusokota. Lakini ndani ya robota la mitumba kutoka nchi za baridi kuna sweta za sufu tupu, ambazo watu wanazipita kwa sababu zina tundu kwenye kiwiko au ni kubwa kupita kiasi. Hiyo kubwa kupita kiasi ndiyo unayoitafuta. Ni uzi uliokwisha kusokotwa na kutiwa rangi, unakungoja uufumue.

Sasa sikiliza kwa makini, maana si kila sweta ya mtumba inafumuka. Igeuze ndani nje. Tazama mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa ovaloki, iache. Hiyo ilikatwa kutoka kwenye kitambaa, na ukiifumua utapata vipande vifupi vifupi visivyofaa hata kufungia mchicha. Lakini ukiona kingo mbili nzima, hazikukatwa, zimeunganishwa tu kwa uzi mmoja katikati, inunue. Uzi wake ni mrefu, unakwenda mstari kwa mstari bila kukatika. Narudia: ovaloki, iache, kingo nzima, inunue.

Utajuaje kama ni sufu? Kama kibandiko cha shingoni kimekwisha kung'olewa, omba uzi mdogo unaoning'inia, uuchome kwa kiberiti, mbali na bidhaa za mwenye meza, tafadhali. Sufu itanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole. Akriliki itayeyuka, itajikunja, na kuacha kipunje kigumu cheusi. Ukishaona mara moja hutasahau.

Nyumbani, toa kwanza ule uzi wa kuunganishia ubavuni na mabegani, upate vipande vinne: mbele, nyuma na mikono miwili. Kila kipande anza kukifumua kutoka juu, shingoni au begani, kwa sababu sweta nyingi hufumwa kutoka chini kwenda juu, na zinafumuka kutoka pale zilipofungwa. Hii ni kazi ya watoto, na watoto wanaipenda. Mmoja anavuta, mwingine anazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. Ukimaliza, funga shada lako kwa kamba sehemu nne lisivurugike, liloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, lisuuze, lianike kivulini likiwa limening'iniziwa kitu kizito kidogo kwa chini. Ule mkunjo wa zamani utanyooka. Maji ya moto usitumie, wala usilifikiche, maana sufu ikifikichwa kwenye maji ya moto inashikana na kusinyaa, na hapo hakuna kurudi. Uzi ukiwa mwembamba mno, shika nyuzi mbili au tatu pamoja, ufume kama mmoja.

Je, sufu ina faida gani mpaka tuhangaike hivyo? Sufu hata ikilowa ukungu wa asubuhi bado inakupa joto. Pamba ikilowa inanyonya maji na kukugandisha. Na kuna faida nyingine ambayo nataka kila mzazi anisikie. Sufu haishiki moto kwa urahisi. Akriliki inashika, na ikishika inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Mama, mtoto aliyevaa sweta ya akriliki asikae akiegemea jiko la mkaa. Mikono mipana inayoning'inia, pindo ndefu za shali, hizo usimfumie mtoto anayezungukazunguka mekoni. Mfumie mikono inayobana kiganjani.

Na kwa kuwa nimetaja jiko, naomba niliseme hili waziwazi. Usilale na jiko la mkaa chumbani mlango na dirisha vikiwa vimefungwa. Usilale nalo hata kama mkaa unaonekana umekwisha. Mkaa unapoungua kwenye chumba kisicho na hewa unatoa sumu isiyo na rangi wala harufu, mtu analala na haamki. Kila msimu wa baridi tunazika watu kwa sababu hiyo. Sweta mbili, soksi, mzula kichwani na blanketi vinatosha kulala. Jiko libaki nje.

Haya. Umejifumia chako, kimekukaa, umekirekebisha. Sasa wengine. Tuwafumie nani, na tuwafumie nini?

Uliza kwanza. Hili ni fupi lakini ni zito. Kwenye ile vita ya dunia ya mwaka 1914 hadi 1918, wanawake wa Uingereza, Kanada, New Zealand na Marekani walifuma soksi kwa ajili ya askari, soksi zisizo na idadi. Kwa nini soksi? Kwa sababu askari walikaa siku nyingi ndani ya mahandaki yenye maji na miguu yao ilikuwa inaoza. Walihitaji soksi kavu za kubadilisha. Msalaba Mwekundu wa Marekani uligawa maelekezo yaliyochapishwa, soksi iwe ya urefu gani, ifumwe vipi, ili kila jozi iweze kuvaliwa. Mfumaji hakukaa tu nyumbani akawaza, labda watapenda kitu kizuri cha maua. Aliambiwa kinachohitajika, akakifuma hicho.

Kwa hiyo bibi yako muulize. Pengine wewe unawaza shali, kumbe yeye anasumbuliwa na baridi ya magoti usiku. Mfumie vifuko viwili virefu vya magoti, vinavyovutika juu na chini, kazi ya jioni chache tu. Babu anayekwenda kwenye kikao cha ukoo alfajiri pengine anataka mzula unaofunika masikio, basi. Uliza, pima, kisha fuma.

Mtoto wa shule ni jambo jingine, kwa sababu anakua. Shule zikifunguliwa Julai anataka sweta ya rangi ya shule yake, na mwakani mikono itakuwa imemfikia kwenye viwiko. Dawa yake ipo. Mikono ya sweta ya mtoto ifume kutoka begani kwenda kiganjani, usianze chini. Kila mwaka unafumua ule ukingo wa kiganjani tu, unaokota vitanzi, unaongeza urefu, unaufunga tena. Bakiza donge moja la uzi wa rangi hiyohiyo, uliweke na nguo zake. Na shingo, jamani, shingo! Kichwa cha mtoto ni kikubwa. Ukifunga vitanzi vya shingo kwa kubana, sweta haipiti, mtoto analia kila asubuhi akivalishwa. Funga shingo kwa sindano nene kuliko ile uliyofumia, na kwa mtoto mdogo acha begani mwanya wa vifungo viwili.

Sasa nije kwa wale ambao hawawezi kuulizwa. Watoto njiti.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili, kwa hiyo joto linamkimbia kupitia kichwani. Mwaka 1978, kule Bogotá nchini Colombia, madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez walikuwa na watoto njiti wengi na mashine za joto chache. Wakawaambia akina mama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Ndiyo ile njia tunayoiita kangaruu, ambayo leo iko katika hospitali zetu pia, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Mtoto anakaa kifuani kwa mama akiwa na nepi, soksi na kofia. Hivyo tu. Kofia na soksi, msikilizaji! Hizo ni kazi za mikono yako.

Lakini hapa pia, uliza. Nenda kwenye wodi ya wazazi iliyo karibu nawe, muone muuguzi wa zamu, umwambie mimi na kikundi changu tunafuma, mnahitaji nini? Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina mzingo wa sentimita 35 hivi. Cha njiti ni kidogo zaidi, na muuguzi atakuonyesha. Fuma kwa uzi laini mno, ukijaribu kwa kuupitisha shavuni kwako, maana ngozi ya njiti inachubuka. Usiweke kamba za kufungia shingoni. Usiweke shanga, vifungo wala kile kitufe cha manyoya cha juu. Zifue kabla ya kupeleka, uzikaushe vizuri, uziweke kwenye mfuko safi. Kofia moja unaweza kuimaliza jioni moja ukisikiliza redio. Kwenye likizo ya mwezi mmoja, kikundi kidogo cha kwaya kinaweza kujaza kapu.

Nimeshasikia mtu akiuliza, sasa hao watoto wa kiume waliojaa nyumbani likizo nzima wafanye nini? Nawajibu: wafume. Najua kuna baba hapo ameguna. Baba, tulia nikueleze. Kwenye ziwa Titicaca nchini Peru kuna kisiwa kinaitwa Taquile. Kiko juu kuliko Kitulo, zaidi ya mita 3,800, na baridi yake ni kali. Kisiwani huko wanaofuma kwa sindano ni wanaume. Mvulana anafundishwa tangu mdogo, anafuma kofia yake mwenyewe, na kofia hiyo ndiyo inayowaonyesha watu kama ameoa au hajaoa. Wanawake wao wanafuma nguo kwenye vitanda vya mfumi. Kazi yao hiyo ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Wanaume wa Taquile ni wakulima, wanabeba mizigo milimani, na sindano zao wanatembea nazo.

Mvulana wa miaka kumi anaweza kufuma skafu katika likizo moja. Skafu haina mashimo ya mikono, haina shingo, ni kwenda na kurudi tu. Na skafu hiyo ya kwanza, nisikie vizuri, iwe yake. Asiambiwe mpe dada, mpe mdogo wako. Avae yeye, aende nayo shuleni Julai, wenzake waulize nani kakufumia, aseme nimefuma mwenyewe. Ukimnyang'anya ile ya kwanza humpati tena kwenye sindano.

Nimebakiza jambo moja ambalo wafumaji wamekuwa wakilalamika kwangu, na nalisema kwa niaba yao. Nyinyi mnaosema "shangazi nifumie na mimi sweta", mnajua mnaomba nini? Sweta ya mtu mzima kwa mkono ni jioni nyingi mno, macho yakikazwa kwenye mwanga hafifu, vidole vikiwa baridi. Akina shangazi hawakatai kwa sababu wanawapenda, na kwa sababu kwetu kukataa ni aibu. Basi ukiomba, nenda na uzi mkononi. Nenda na uzi, na ukifika, chota maji, pasua kuni, osha vyombo, ukae naye umshikie shada la uzi anapolizungusha. Na umuulize, shangazi, yako umeshafuma? Akisema bado, mwambie mimi nitasubiri.

Hilo la mwisho lifanyeni kweli. Mkisubiri nyinyi, atafuma yake.

Muda wangu unakaribia kwisha. Kwa wanaotaka kuanza leo: usiku huu tafuta futi, ujipime kifua, ujipime mkono kutoka begani hadi kiganjani, ujipime kutoka begani hadi nyonga, uandike namba hizo tatu nyuma ya daftari. Kesho ni siku ya mnada; pita kwenye meza za mitumba, geuza sweta ndani nje, tazama mishono. Wenye nyuzi tayari, fumeni kile kipande kidogo cha kiganja, mhesabu vitanzi ndani ya sentimita kumi. Na vidole vikikuganda unapofuma usiku, anza na glovu zako mwenyewe zisizo na ncha za vidole: ni vifuko viwili vyenye tundu la dole gumba, unavimaliza upesi, halafu unafumia sweta ukiwa umevivaa.

Wiki ijayo saa hizihizi tutazungumza juu ya kuokota vitanzi vya shingo na kuunganisha mabega, kwa hiyo uwe umefika kwapani. Leteni maswali yenu, na mtakaokwenda wodini, tuambieni muuguzi amesema wanahitaji nini ili na wengine wasikie.